Pasi Juu ya Barua ya Damiani

Nilimdanganya mama aliyefiwa, nikasingizia mvua. Nimekwisha kuungama, na padri akaniambia Mungu amesamehe, lakini Mungu siye peke yake niliyemkosea. Ndiyo maana naandika haya, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne na Kiswahili changu ni cha huku kwetu Issuna.

Mwaka ule tuliohamia kijiji cha Ujamaa, kijiwe chetu kilikuwa ukutani mwa duka la kijiji, upande usiopigwa na upepo. Benchi lilikuwa mlango wa nyumba ya zamani ya mzee Melkizedeki. Siku ya kuhama aliung'oa akaja nao kichwani, akaulaza juu ya mawe, akasema nyumba nimeacha ila mlango siachi. Alikuwa tarishi wa boma enzi za Mwingereza, basi tukamwita Tarishi. Antipasi tulimwita Redio, kwa sababu habari za dunia nzima zilipitia kwake, ingawa redio yake haikuwa na betri tangu Pasaka. Kahawa aliuza Sheikh Buli. Barazani alikaa fundi cherehani na pasi yake ya mkaa. Mimi ni Mughwai, karani wa kijiji na msomaji wa barua za watu. Waliniita Miwani.

Asubuhi hiyo alikuja Mama Damiani na bahasha. Damiani alikuwa mwanawe wa pekee. Surua ilimpofusha akiwa mdogo, mapadri wakampeleka shule ya wasioona, mbali, unapandia treni Manyoni. Alipomaliza alibaki hukohuko akisuka vikapu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo tulipata habari kwamba amekufa kwa homa na wamekwisha kumzika. Sasa barua yake iliyochelewa njiani ilikuwa imefika na basi.

— Nisomee, Karani. Aliandika kabla hajafa.

Nikafungua. Karatasi nene, nyeupe, haina hata tone la wino. Upande mmoja vipele vitupu, upande wa pili vishimo. Pembeni ilikuwa imelowa kidogo.

— Mama, mbona haina kitu?

— Ina kitu. Krismasi alipokuja nilimwambia, barua zako zote anakuandikia mtu, mimi nataka mkono wako mwenyewe. Akacheka, akasema nitakuandikia, mama. Ndiyo hiyo.

— Basi iache. Ukitoka shamba utanikuta nimeshaisoma.

Sikusema sijui. Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilikuwa nafundisha elimu ya watu wazima, na haijapata kuja barua mbele yangu ikanishinda. Mama akachukua jembe, akaenda shamba la kijiji. Watu wa benchi wakaisogelea karatasi.

— Kipofu anaandika? Sheikh Buli akauliza. Mstari anauona wapi?

— Hii karatasi ina surua, Redio akasema. Tazama vipele.

— Wewe! Usifanye utani na marehemu.

— Samahani. Basi ni Wareno.

— Wareno wamefanyaje tena?

— Si wanapigana na ndugu zetu kule Msumbiji? Wana mashine inanyonya wino kwenye barua za Watanzania wote. Ikishanyonya inaacha vipele.

— Wareno wanamjua Mama Damiani?

— Mashine haichagui.

Sheikh Buli akamimina kikombe kingine.

— Mimi naona ni mayai ya wadudu. Ianikwe tu.

Tarishi alikuwa anapuliza kahawa yake. Alipokiweka kikombe chini, wote tukamgeukia, maana yeye alikuwa amebeba barua kabla sisi hatujajua barua ni nini.

— Ninyi watoto hamjui kitu. Vita vya Hitla, barua za siri ziliandikwa kwa maji ya ndimu. Unaiona karatasi nyeupe kabisa. Ukiitia joto, maandishi yanatoka.

— Uliona kwa macho yako, mzee?

— Nilibeba kwa mikono yangu. Hukubeba wewe!

— Na vipele je?

— Ndimu ikikauka inavuta karatasi. Lazima itoe vipele.

— Kipofu ataipataje ndimu?

— Ndimu inanuswa, mpumbavu wee. Inahitaji macho?

Ikawa imekwisha. Na mimi jua lilikuwa linanipandia, mama anakaribia kurudi. Nikaazima pasi ya fundi. Nikaitandika barua juu ya ule mlango, nikashika pembe moja kwa kiganja, nikapitisha pasi polepole kama ninavyonyoosha shati la Jumapili. Vipele vikalala. Maandishi hayakutoka.

— Ongeza mkaa, Tarishi akasema.

Nikaongeza. Nikageuza upande wa pili. Redio alikuwa ananipulizia majivu yasianguke. Mara tatu nikapitisha, mpaka karatasi ikawa laini kama kitambaa cha altare. Hakuna kitu.

Hapo ndipo basi la Manyoni lilipofika. Akashuka kijana wa miaka kama thelathini, ana fimbo nyeupe, konda amemshika mkono.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, baba.

— Naitwa Gasto. Nilisuka vikapu na Damiani. Namtafuta mama yake.

Mama Damiani alikuwa anavuka barabara na jembe begani. Aliposikia jina la mwanawe akaliacha likaanguka, akamshika Gasto mikono yote miwili. Wakalia kidogo. Kisha Gasto akasema:

— Mama, Damiani aliniambia, nimemtumia mama barua ya mkono wangu, ukienda likizo pitia kwake umsomee. Imefika?

— Imefika. Utaisomaje, baba, nawe huoni?

— Kwa vidole, mama. Tunatoboa nukta kwa msumari kwenye karatasi nene. Kila herufi ina nukta zake. Yeye alikuwa fundi wa hayo, alituzidi wote.

Sikumtazama mtu. Nikachukua barua, nikaiweka mkononi mwake. Kidole chake kikaanzia kwenye ile pembe iliyokuwa chini ya kiganja changu, ambapo pasi haikufika.

— "Mama yangu, leo naandika mwenyewe..."

Mama akafumba macho, akatabasamu, anangoja. Kidole kikaenda mbele, kikarudi. Kikaenda tena. Akageuza karatasi. Akatumia mkono wa pili.

— Wazee, hapa pamekuwaje?

Tarishi akaangalia mawe. Redio, mwenye habari za dunia nzima, hakuwa na habari. Sheikh Buli akatikisa buli, likalia tupu, akasema kahawa imekwisha, na hakuna aliyekuwa ameomba.

— Karani? Mama akaniita.

— Mvua, mama. Ililowana kwenye basi.

Gasto alikuwa bado ameilaza karatasi kwenye kiganja chake. Ilikuwa na joto. Akageuza uso upande wangu.

— Mvua, akasema.

Kesho yake akaondoka.

Nilikaa na jambo hilo miezi saba. Nilipomwambia Mama Damiani kweli, hakunitukana. Alileta karatasi akasema, "Yale yaliyobaki unayajua. Nisomee." Nikasoma. Sasa kila Jumapili baada ya misa ananiletea, nami namsomea maneno hayohayo matano, na nikifika mwisho hunitazama mdomoni kama vile kuna la sita.

Barua iko ndani ya sanduku lake la bati, haiwekewi kitu juu. Gasto alininong'oneza siku ile anapanda basi kwamba wako wanaosoma kwa vidole vyepesi kuliko vyake, wanaohisi hata nukta iliyolala. Wewe unayesoma haya, kama unamfahamu mmoja wao, tafadhali mwambie aje Issuna. Ashukie duka la kijiji, aulize Mughwai. Nitampeleka mwenyewe, na asikawie, maana mama amezeeka.