Mfuko wa Asali wa Kivuti

Niliiba asali, wanangu, na nikaacha mtu mwingine aitwe mwizi kwa miaka thelathini na tisa. Nimeanza na hilo kwa sababu pumzi yangu ni fupi, na kama itaniishia njiani, afadhali iniishie nikiwa nimeshalisema. Ireri, vuta hicho kiti ukae. Alice, acha uji upoe, nitakunywa baadaye. Sikilizeni, na msinikatize.

Ilikuwa sabini na sita, mwaka wa kiangazi, mtama umekauka shambani ukiwa wa kufika magotini. Nilikuwa nimemposa mama yenu Kathambi, mbuzi nimeshawapeleka na wazee wa kwao wamewakubali, ikabaki asali, kwa maana siku hizo hapa kwetu Mbeere hukupewa binti bila asali ya kutengenezea pombe ya wazee. Mizinga ya baba yangu ilikuwa mitupu, nyuki wamehama kufuata maji. Mizinga iliyokuwa na kitu ni ya mzee Ndwiga, kule mtoni. Nikaenda kwa rafiki yangu Kivuti, ambaye tulitahiriwa siku moja, nikamwomba mfuko wake wa ngozi wa kurinia asali, nikamwambia nakwenda kuangalia mizinga ya baba. Alinipa bila kuuliza neno.

Nilipanda mti wa Ndwiga mchana kweupe, watu wakiwa wamekwenda kutafuta maji. Mara ya kwanza niliushusha mfuko nikajaza kibuyu, na hiyo ingetosha, lakini tamaa ilinipandisha tena, mwenge wa moshi ukanizimikia mkononi, nyuki wakanigeukia. Nilishuka nikakamata kibuyu nikakimbia, na mfuko ukabaki juu ukining'inia kwenye tawi, na ubavuni alama ya Kivuti aliyoichoma kwa chuma, ambayo kila mtu huku aliijua.

Wazee waliketi. Kivuti akasema ndiyo, mfuko ni wangu, ila nilikuwa nimemwazima Njiru. Wakanigeukia mimi. Nikasema sijawahi kuushika. Niliyasema hayo uso wangu ukiwa umevimba, wanangu, na nikaongeza kwamba niliumwa na nyuki wa baba. Kivuti alinitazama, akangoja, na alipoona sisemi zaidi akainamisha kichwa. Uamuzi ukawa kwamba mwizi wa asali asikae tena na wazee mahali popote mahari inapozungumzwa, kwa sababu hawezi kunywa kile alichowaibia wengine. Nami nikaoa. Mama yenu aliingia katika boma hili kwa asali ya wizi na akafa bila kujua.

Baadaye tuliokoka, pombe ikageuka chai na soda, lakini uamuzi wa wazee haukuokoka. Binti wa Kivuti alipokuja kuposwa, baba yake mzazi alikaa jikoni na akina mama, akichochea kuni, huku watu wengine wakimzungumzia mtoto wake sebuleni. Mimi nilikuwa sebuleni. Nilipewa kiti kizuri. Nilisikia akikohoa kwa moshi upande wa pili wa ukuta, na nikaomba sukari.

Mnajua mimi ni mtu wa kuungama. Nimesimama kanisani mara nyingi nikaungama hasira, nikaungama uvivu, nikaungama maneno niliyomwambia mchungaji, mpaka mama yenu akaniambia nipunguze, watu wana mbuzi wa kufungulia. Hilo moja sikuligusa. Mtoto wetu wa kwanza alipofariki, nilisema moyoni, ni asali. Mguu huu ulipoanza kuoza, nikasema, ni asali. Nilimwona Mungu kama mzee Ndwiga, amesimama chini ya mti na fimbo, ananingoja nishuke.

Wiki tatu zilizopita, yule kijana wa pikipiki aliponipeleka kliniki, nilimwambia apitie kwa Kivuti. Nilimkuta anapepeta ndengu. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, na nilipofika kwenye mfuko nikashindwa, nikalia kama mtoto. Aliweka ungo chini, akaniambia, "Njiru, nilikuona. Nilikuwa kilimani na mbuzi. Ulikuwa unakimbia kama dume lililokatwa mkia, na nyuki wanakusindikiza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alilosema kwanza halikuaminiwa, na angeongeza lingine wangeona mwizi anatafuta wa kuanguka naye. Halafu harusi ingevunjika, na Kathambi alikuwa amekosa nini. Akasema alinichukia miaka mitatu, nyama haishuki, usingizi hauji, mpaka siku moja akiwa anachunga aliona amechoka kunibeba, akamwambia Mungu, mchukue huyu mtu, simtaki tena mgongoni. Ndipo akaniambia lile neno ambalo nataka mlishike kuliko shamba.

"Msamaha wako uko tayari tangu wakati ule. Ni wewe umechelewa kuja kuuchukua."

Nikamwambia kuhusu mtoto na kuhusu mguu. Alinikasirikia hapo, ndiyo mara pekee. Akaniuliza kama mimi, Njiru, na ubaya wangu wote, naweza kumuua mtoto wa mtu kwa sababu ya kibuyu cha asali. Nikasema siwezi. Akasema, basi usimsingizie Mungu jambo ambalo hata wewe huwezi kulifanya, mimi najua kusingiziwa kulivyo. Tukaomba pale pale kwenye maganda ya ndengu. Niliporudi nililala mpaka asubuhi, Alice ni shahidi, alikuja kunigusa akidhani nimekwenda.

Kwa hiyo msinilie kama mtu aliyekufa na mzigo. Nimetuliwa. Nilienda pia kwa mjane wa Ndwiga. Alisema mume wake aliyasahau kabla ya mimi kuoa, akanipa maziwa.

Lakini mimi nimesamehewa na Kivuti bado ni mwizi. Jumamosi wanakuja wageni kutoka Kianjokoma kumposa Kathambi mdogo, binti yako Ireri, aliyepewa jina la nyanya yake, na mimi sitaweza kukaa kitako kuwapokea. Nilipokwambia, Ireri, kwamba atakayekaa mahali pangu ni Kivuti, ulisema tutachekwa, ulisema wewe ni katibu wa kanisa na hao wageni wa nchi ya majani chai watarudi kwao juu na hadithi ya boma letu. Ni kweli, watacheka. Waache wanicheke mimi, nimestahili. Ukificha aibu yangu, mwanangu, utaificha chini ya jina la yule mzee, mahali pale pale nilipoificha mimi.

Shamba la juu ni lako, la mtoni ni la Alice, mbuzi mgawane nusu kwa nusu, na Alice asinyimwe kwa kuambiwa kwamba ameolewa. Mizinga yangu mpeni Kivuti yote, na mfute alama yangu. Alice... niinue kidogo. Hapo. Inatosha.

Bwana aliyenivumilia awavumilie na nyinyi. Awape kulala. Mkikosa, na mtakosa, msikae mbali naye miaka kama mimi, rudini siku hiyo hiyo, hata kabla hamjanawa. Nawabariki, wewe Ireri, wewe Alice, na watoto... na wale ambao hawajazaliwa.

Sauti inakwisha. Ireri, jua bado liko juu. Chukua kofia yako, nenda kwa Kivuti, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba Jumamosi tunamngoja sebuleni.