Alexis Lotika, Mtu wa Alhamisi

Abbé Kasongo, padri wetu, jamaa wa Yanonge mliopanda mto kwa pirogue toka juzi, majirani wa avenue ya kumi hapa Tshopo, na ninyi wa kofia nyeupe mliojaza parcelle, ua wetu huu, tangu asubuhi kama nyumba ni yenu, mnaombwa kutulia, mwenye kiti akae, asiye na kiti avumilie, historia ya marehemu si ndefu sana, na aliyeirefusha ni yeye mwenyewe.

Anayesoma ni Fanny, binti wa marehemu, lakini maneno ni ya Mama Germaine, mama mzazi wa marehemu, aliyesoma mpaka darasa la tatu kisha akaitwa nyumbani kulea wadogo zake, kwa hiyo sentensi ikizidi pumzi ya msomaji, lawama ni ya bibi. Na kabla ya kuanza, kila mtu ajue tunangoja nini. Juzi Abbé alisema waziwazi kwamba kama marehemu alikuwa mkristo mlegevu aliyependa muziki kupita kiasi, misa itasomwa leo, lakini kama aliacha imani yake akashika dini nyingine, basi hawezi kumsomea misa mtu ambaye hakuitaka, na familia ndiyo iseme, mbele ya watu wote, ndani ya historia hii. Mama amekubali kusema. Atasema mahali pake, asiharakishwe.

Marehemu Alexis Lotika alizaliwa Yanonge, Jumapili tarehe 14 Machi 1971, kengele ya misa ya pili ikilia, mtoto wa tatu wa Papa Henri Lotika, mvuvi, na Mama Germaine, muuza samaki wa kukaushwa, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 11 Aprili mwaka huohuo, na mama anaomba tarehe hiyo ikumbukwe, maji yalimwagwa, tena mengi, mtoto akapiga kelele mpaka amina ya mwisho.

Shule ya msingi aliisoma Yanonge, toka 1977 mpaka 1983, kisha akatumwa kwa tonton, mjomba wake, hapa Kisangani kwa sekondari, akapata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1991, mara ya tatu, baada ya kuanguka mara mbili, na hakuanguka kwa kukosa akili, alianguka kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Vieux Likembe. Huyo alikuwa mwimbaji wa Orchestre Mbonda, na Jumamosi tarehe 5 Julai 1986 alikuja kupiga muziki katika mji huu, mtoto hana tikiti, akasimama nje ya ukuta kutwa nzima, na jioni mwimbaji alipokuwa akipanda gari akajifuta jasho na leso akaitupa, Alexis akaidaka. Mama yake alikuwa amekuja mjini na samaki zake, akaikuta ile leso juu ya mto wa kulalia, chafu, inanuka, akafanya kile ambacho mama yeyote angefanya, akaifua kwa sabuni na kuianika. Mtoto alilia siku mbili kama amefiwa. Miaka kumi na tano, ndevu zinaanza, analilia jasho la mtu ambaye hata hajui kama mtoto huyu yupo. Hapo ndipo mama alipotamka neno lake la kwanza juu ya jambo hili, akasema huu ni upuuzi, na neno hilo amelirudia miaka thelathini na tisa.

Kazi yake ilikuwa fundi wa redio, aliianza mwaka 1993 kwenye soko la Tshopo, na hapa hakuna wa kumsema vibaya, mikono yake ilikuwa mizuri, redio ambayo wengine waliitupa yeye aliirudisha inasema, ila kila redio ilijaribiwa kwa Likembe, kila spika kwa Likembe, mteja apende asipende.

Alifunga ndoa ya kanisa na Micheline Bolamba tarehe 17 Agosti 1996, wakapata watoto wawili, Fanny tarehe 2 Juni 1997 na Sadrack tarehe 19 Oktoba 2001, na Micheline akatutoka tarehe 3 Mei 2019, mwanamke wa subira, ambaye mama mkwe alipomwuliza anawezaje kukaa na mtu wa namna hii, alijibu huku anatwanga pondu, majani ya muhogo: “Mama, bwana za benzangu biko kwa banamuke bengine, wangu iko kwa diski, acha tu.”

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Vieux Likembe alikufa tarehe 9 Aprili 2009, na kwa bahati mbaya ya familia hii ilikuwa Alhamisi Takatifu, marehemu akaja mbio kwa mama yake, macho mekundu, akasema, “Mama, unaona siku?” Mama akamjibu kwamba anaiona, watu wengi wamekufa Alhamisi, na kuku pia. Lakini tangu wiki ile, kila Alhamisi saa kumi mchana, watu wakaanza kukusanyika katika parcelle hii, wakajiita Famille Likembe, wanavua viatu mlangoni, wanavaa kofia nyeupe kama ya mwimbaji, marehemu anapangusa diski ya kwanza ya Mbonda kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna mwingine anayekigusa, upande wa kwanza wa diski wanausikiliza wamesimama, wa pili wamekaa, na hakuna kusema. Mama Aïcha, jirani wetu wa Maniema, mwislamu, aliposikia Mama Germaine anacheka akamwambia asicheke, “sisi pia tunavua viatu.”

Mwaka 2015 wakagombana. Papy, fundi baiskeli, rafiki wa marehemu toka shuleni, alisema diski ambazo Likembe alizitoa baada ya kuiacha Mbonda nazo ni halali, marehemu akasema si halali, Papy akaondoka na watu kumi na mmoja, wakafungua Alhamisi yao avenue ya sita, na miaka kumi hawakusalimiana, watu wazima, kwa ajili ya gitaa. Mama alipomkemea, marehemu alijibu kwa furaha kabisa: “Bon, mama, dini inataka nini? Siku tuko nayo, nguo tuko nayo, na batu ya kupigania neno moja tuko nabo.” Mama akamwuliza huyo Likembe amekuahidi nini siku ukifa. Marehemu akafikiri sana, akasema, “Hakuahidi kitu.” Basi si dini, mama akasema, pasipo ahadi hakuna dini, nenda ukanawe ule. Akaenda kunawa, na alipokuwa anarudi akasema, “Hakuahidi kitu, mama, na tunakuya tu.”

Ugonjwa ulianza tarehe 8 Februari 2025, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na aliyempeleka hospitali asubuhi ile ni Papy, hakuna aliyemwita, alikuja na toleka, baiskeli ya kubebea abiria, akamfunga mgonjwa mgongoni kwake kwa pagne ya Mama Germaine kama anavyofungwa mtoto, akakanyaga mpaka mlangoni pa hospitali. Madaktari wakasema figo. Muuguzi akauliza dini ili aandike kwenye karatasi, na marehemu, mtu aliyebatizwa siku ya Pasaka, akasema aandike Likembe, na muuguzi akaandika. Mama alikuwepo, na aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

Aliporudishwa nyumbani, Famille ikajigawia siku, wanaume wanamwogesha, wanawake wanafua mashuka, na wale wa Papy wakaomba Jumatatu na Ijumaa, wakapewa, ila siku zao waliosha kimyakimya kwa sababu walikuja na diski zao za baadaye, na marehemu hakukubali zipigwe. Mama aliyaona hayo na bado akasema upuuzi. Alichotaka ni kimoja tu, mtoto wake apakwe mafuta matakatifu kabla hajafa. Abbé aliahidi kuja Alhamisi tarehe 6 Novemba, saa kumi, ndiyo nafasi aliyokuwa nayo, saa ileile ya kofia.

Hapa mama anasema kitu ambacho hata wajukuu hawajui. Asubuhi ile aliichukua diski, ile ya kwanza, akaifunga kwa gazeti, akaificha ndani ya gunia la makala, makaa ya kupikia, jikoni, akifikiri kwamba pasipo diski hakuna Alhamisi, watatafuta, watakosa, watarudi kwao, na Abbé atakuta nyumba tulivu.

Walitafuta kweli, wakakosa. Hakuna aliyerudi kwao. Marehemu akasema, “Washa tu mashini,” mashine ya kupigia diski ikawashwa, ikazunguka tupu, akaomba ainuliwe, Papy, aliyeiacha Alhamisi yake siku hiyo, akamshika upande huu na Sadrack upande ule, na watu thelathini na wanne wakasimama bila viatu mbele ya mashine isiyo na kitu juu yake. Mama alikuwa mlangoni, akaangalia saa ya ukutani. Dakika ishirini na mbili. Hakuna aliyekohoa, na mama amekwenda misa ya asubuhi miaka hamsini, anajua watu wanavyokohoa. Hakuna aliyetoa ishara, hakuna aliyeangalia saa ila yeye, na upande wa kwanza ulipoisha, ambao haukuwepo, wote waliketi pamoja, mara moja, kama mtu mmoja. Alipogeuka akamkuta Abbé nyuma yake na mafuta yake mkononi, haijulikani alikuwa amesimama hapo tangu lini, akasema kwa sauti ndogo, “Mama Germaine, huyu anasali na watu wake, nitarudi Jumatano,” akaondoka.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, kabla ya Jumatano ya Abbé na kabla ya Alhamisi yake. Mafuta hakupata, na diski hakuisikia tena, alikufa akijua imeibwa, na aliyeiba ndiye aliyekuwa anampa maji kwa kijiko.

Kwa hiyo jibu. Ingekuwa rahisi kwa mama kusema ulikuwa upuuzi, amelisema neno hilo miaka thelathini na tisa, leo lingempatia misa anayoitaka kuliko kitu chochote. Lakini Abbé, uliona ulichokiona, na yeye aliona. Ilikuwa dini. Dini ya ajabu, ya kelele, mungu wake amelala Kinshasa na hakuahidi kitu, lakini mama hawezi kusimama mbele ya jeneza la mtoto ambaye yeye mwenyewe alimnyima diski yake siku za mwisho, akamnyima na hili pia. Andikeni hivyo. Misa isiposomwa, mama atasali rozari yake mwenyewe, hiyo hakuna wa kumkataza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hata yule aliyeandika alichoambiwa, Mama Aïcha na majirani wote kwa maji na viti, mafundi wenzake wa soko la Tshopo waliofunga vibanda vyao leo, Famille Likembe, avenue ya kumi na avenue ya sita, kwa mashuka, na Papy kwa mgongo wake.

Diski iko hapa juu ya jeneza, mama ameipangusa makala, kwa kile kitambaa, mtu asimwulize kwa ruhusa ya nani. Leo ni Alhamisi, saa kumi imekaribia. Itapigwa upande wa kwanza, na Mama Germaine atausikiliza wote amesimama, magoti yakikubali na yasipokubali, wa pili atakaa. Abbé akitaka kubaki, kiti chake kipo.

Alexis, mtoto wa Henri, pumzika kwa amani, na huko uliko, punguza sauti.