Wimbo wa Akiba ya Kalolaine

KALOLAINE: Haloo? Nani huyo anapumua tu?

LOPETI: Mama! Ni mimi, Lopeti, huku Sydney! Tangu kimbunga kipige nakutafuta – mko salama?

KALOLAINE: Tuko hai, mwanangu. Paa tu ndilo limehama. Umeme hakuna, intaneti hakuna, kisiwa kizima cha Vava'u giza. Hii simu ya setilaiti ni ya posta, na foleni yote inanikodolea macho.

LOPETI: Usihofu, zile sarafu zako za mtandaoni zipo. Si nilikwambia? Pesa isiyojua benki wala mpaka!

KALOLAINE: Wala duka la Fe'ao. Nilimwonyesha simu, nikamwambia akiba yangu yote ya kuuza mikeka imo humu. Akaitazama... ikazima.

(Mkwaruzo.)

LOPETI: Basi sikiliza – huku mtandao upo. Nitajie yale maneno ya siri kumi na mawili, nizitoe mwenyewe, nikutumie mabati kwa meli.

(Kalolaine anakohoa.)

LOPETI: Mama? Usiniambie umeyasahau!

KALOLAINE: Nitayasahauje? Niliyatia kwenye sauti ya wimbo wa kanisa.

LOPETI: Haya, imba – polepole, wasisikie!

KALOLAINE: Wasisikie nini? Kwaya nzima inayajua. Tumeyaimba tangu Pasaka, yanapendeza hasa pale kwenye –

LOPETI: Mama! Mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa!

KALOLAINE: Ndivyo alivyosema Fe'ao. Si ndiye mwimba besi wetu kwayani? Jana kanipa mabati. Mtandao ukirudi, atachukua haki yake.

LOPETI: Haki yake? Atakomba zote!

KALOLAINE: Angetaka, angekomba kabla ya kimbunga.

LOPETI: Yaani unamwamini muuza duka, mimi mwanao –

KALOLAINE: Usipige kelele, watu wanasikia.

LOPETI: – mimi mwanao huniamini?



KALOLAINE: Lopeti.

LOPETI: Naam, Mama.

KALOLAINE: Ile mashine ya kukatia nyasi, niliyokutumia hela ununue uanze kazi... inakata vizuri?

LOPETI: Ile... aa, ile, Mama, ilikuwa – haloo? Haloo? Mtandao unakatika!

KALOLAINE: Wa huko Sydney?

LOPETI: Sikusikii, Mama! Haloo?

KALOLAINE: Mimi nakusikia vizuri kabisa, baba. Ule ushibe. Haya, nawapisha wenzangu.