Cicily Rwamba, Sauti Iliyowasha Taa Kutoka Embu Hadi Muthara

Tarehe 28 Juni 2019, Bi. Cicily Rwamba anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya umeme kwa miaka thelathini na minne na miezi minne. Miezi hiyo minne ameihesabu mwenyewe, na ole wake karani atakayeiacha nje ya cheti. Ofisi nzima wiki hii ina furaha ya harusi. Hata mafundi wa laini wamechana nywele.

Bi. Cicily ni mzaliwa wa Mbeere, karibu na mabwawa ya Mto Tana. Kazi yake ya kwanza, Februari 1985, ilikuwa kusoma mita katika bwawa mojawapo na kuandika kila saa jinsi maji yalivyozungusha mitambo. Mwaka 1991 akahamishiwa chumba cha kudhibiti laini mjini Embu. Kutoka mabwawani umeme hupanda kwenye minara ya chuma, ukapita ubavuni mwa Mlima Kenya hadi Meru, na tangu mwaka huo hakuna swichi kubwa iliyofungwa njiani bila yeye kujua.

Wanafunzi wa Kibirichia, upande wa Meru, waliwahi kumuuliza kwa nini umeme wa minarani ni mkali kuliko wa nyumbani. Akawakumbusha viazi vya wazazi wao, ambavyo havipelekwi Nairobi kiganja kwa kiganja. Hupakiwa lori zima, na vikifika sokoni hugawanywa kwa magunia, kisha debe, kisha fungu la mama mboga. Umeme nao hupandishwa nguvu ili usipotelee njiani, halafu vituo na transfoma huushusha hatua kwa hatua hadi ukatosha balbu ya jikoni. Wanafunzi walielewa. Mwalimu wao alimfuata nje, akaomba arudie polepole.

Watu wa Muthara, huko huko Meru, nao hawajamsahau. Mwaka 1994 sisi mafundi tulibadilisha transfoma ya soko, tukaunganisha nyaya kombo, na mashine ya posho ikaanza kuzunguka kinyumenyume. Mwenye mashine, Mzee Mwiti, alisafiri hadi ofisini kulalamika kwamba umeme aliopewa umeingilia mlango wa nyuma. Tulicheka hadi machozi. Bi. Cicily hakucheka, alimsikiliza mzee hadi mwisho, akatuamuru tupishanishe nyaya mbili tu, na jioni hiyo Muthara ikala ugali.

Ila kuna tabia yake moja iliyotukera. Kabla ya kuwasha laini yoyote, alitaka kila fundi aseme jina lake kwenye redio na kuthibitisha kwamba ameshuka nguzoni, yuko chini. Msimamizi hakuruhusiwa kumjibia mtu. "Huyo nipe kwa sauti yake mwenyewe," ndiyo yalikuwa maneno yake, mvua inyeshe ama jua liwake. Tulinung'unika kwamba anatufanya watoto wa nasari. Wakubwa walinung'unika zaidi, na kwa ajili ya ucheleweshaji huo akaandikiwa barua ya onyo. Barua ya pili ingemrudisha nyumbani, na alikuwa na watoto watatu shuleni.

Aprili 2003 mvua iliangusha nguzo nne Kibirichia. Saa tisa mchana kazi ilikuwa imekwisha, nyaya za usalama, zinazomkinga fundi umeme ukiwashwa kwa bahati mbaya, zimeondolewa, na msimamizi akaripoti kwamba mafundi wote watano wako chini. Wanne walisema majina yao. Wa tano, Mutugi, hakusikika. Msimamizi akasema asisumbuliwe, kwani amemwona ndani ya lori. Wakati huohuo Lenah, meneja wa kituo cha maziwa, alikuwa akipiga simu kwa mara ya tatu kwamba maziwa ya wakulima yanaharibika, na mkubwa mmoja alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bi. Cicily akimwambia awashe.

Hakuwasha. Dakika kumi na moja alikaa mikono mapajani, akirudia jina lilelile kwenye redio. Kisha sauti ikaja, inahema: "Mutugi huyu, madam. Nilikuwa nimesahau koleo huko juu nguzoni, nikarudi kulichukua, redio nikaiacha chini. Saa hii ndiyo nimekanyaga chini."

Kilichokuwa ndani ya lori ni koti la mvua la Mutugi, limetundikwa kitini. Msimamizi aliyeliona koti akaliita mtu ni mimi ninayeandika haya. Maziwa yaliokoka. Barua ya pili haikuandikwa, na kuanzia mwezi uliofuata wakubwa waliagiza kila chumba cha kudhibiti laini kifanye kama Embu. Leo Mutugi ana watoto wanne, naye ndiye anayesimamia mbuzi wanaochomwa nyuma ya ukumbi.

Bi. Cicily, wenzako wa Embu na Meru tunakushukuru, na tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu, na miaka mingi ya raha huko Mbeere. Langu mimi binafsi ni moja: asante kwa kutoniamini.

Bundi Marete
Msimamizi wa mafundi wa laini