Akina Mama wa Risaga na Mtihani Wangu wa Tumbo

Ndugu zangu wa jumuiya, na nyie vijana mliokaa pale mlangoni kama mnataka kukimbia, nawashukuru kwa kunisikiliza. Mama mwenyekiti ameniomba nisimulie nilivyokaribia kufukuzwa udaktari. Nimekubali kwa sababu vijana wetu wa hapa Kigera wanakwenda vyuoni, na sitaki hata mmoja apite nilikopita mimi.

Kwetu ni Mugeta, kule Bunda. Baba anafuga, mama analima. Sekondari nilisoma bweni upande wa Butiama, na nilikuwaga namba moja. Mnazijua ripoti zetu: umeshika nafasi ya ngapi kati ya wangapi. Baba haangaliagi alama, anaangalia nafasi. Nikakua nikijua kwamba kusoma ni kumpita mwenzako.

Nikafika chuo cha udaktari, tukaambiwa kuna kitu kinaitwa heshima. Niwaeleze kidogo. Digrii nyingine zina daraja la kwanza, la pili, na kuendelea. Udaktari pale chuoni kwetu haukuwa hivyo, unafaulu au unafeli. Ila wapo wachache wanaohitimu kwa heshima, na siku ya mahafali majina yao yanasomwa peke yake. Mimi niliposikia "wachache", nikajua ni zile nafasi za sekondari, kwamba akipata huyu, mimi nimekosa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Kitabu cha kanuni za mitihani tulipewa wote, sikukifungua.

Basi nikajifungia. Wenzangu walikuwaga na diskasheni, wanakaa kikundi, huyu anafundisha moyo, yule anafundisha figo. Wakiniita nasema kichwa kinauma. Na kila somo nililisoma sawa na lingine, kubwa na dogo, maana nilitaka niwe wa kwanza kote. Miaka ya mwanzo ilienda vizuri. Nikampigia baba simu kwamba heshima inakuja, naye akawatangazia watu nje ya kanisa.

Halafu tukaingia wodini. Ndugu zangu, nawaambia, mgonjwa huwezi kumsoma ukiwa umejifungia chumbani. Mtihani wa magonjwa ya ndani unafanyika kitandani, mtahini amesimama anakuangalia. Nikaambiwa nimpime mama mmoja tumbo. Nikaweka mkono chini ya mbavu za kushoto, pale bandama inapokaa, nikabonyeza. Nikasema bandama ni ya kawaida.

"Una uhakika?" mtahini akauliza.

Nikasema ndiyo. Akauchukua mkono wangu, akaushusha mpaka karibu na kitovu, na hapo ndipo nikagusa ukingo. Bandama ilikuwa imevimba sana, na mimi nilikuwa nabonyeza katikati yake tangu mwanzo.

Nikapewa sapu, yaani mtihani wa marudio. Jioni ile nikafungua kitabu cha kanuni kwa mara ya kwanza, nikiwa nalia. Heshima inatolewa kwa wastani wa masomo yote, na masomo makubwa kama magonjwa ya ndani na upasuaji yanabeba uzito zaidi. Tena kila mtihani uwe umeufaulu mara ya kwanza. Nafasi haikutajwa popote. Hata darasa zima lingeweza kupata. Mimi kwenye heshima nilikuwa nimeshatoka, na nikifeli tena ninadisko, naondolewa chuo.

Nikarudi Mugeta likizo nikiwa nimeamua kutorudi tena chuoni. Nilimwambia mama tu. Akasema, "Kesho risaga iko kwangu. Njoo tulime." Nyie wa mjini, risaga ni kazi ya zamu: leo mnalima kwako wote, kesho kwa mwenzako. Tulipokaa kula, shangazi yangu, kumbe mama alishamwambia, akaniuliza mbele ya wote.

"Binti, umefeli nini?"

"Tumbo."

"Tumbo linafeliwaje? Hebu nionyeshe."

Akatandika kanga, akalala pale pale shambani. Wakacheka, nami nikampima kwa aibu.

"Hapo unatafuta nini?"

"Ini."

"Na unajuaje si utumbo?"

Nikaondoa mkono. Akasema, "Kasome hilo, kesho utuambie."

Kesho yake tukawa shamba lingine, akalala mwingine. Waliniuliza kwa Kiikizu, lugha yetu ya nyumbani, na kwa Kiikizu sikuwa na maneno makubwa ya kujifichia. Nisichokielewa walikijua mara moja. Nikaanza kusoma usiku ili nikawajibu asubuhi. Nilikuwa sijawahi kusoma kwa furaha namna ile.

Siku moja akalala mama mmoja jirani, mzaliwa wa Kiriba kule ziwani. Mkono nikauanzisha chini kabisa, upande wa kulia, nikapanda pole pole kuelekea mbavu za kushoto. Kabla ya kufika mbali ukakutana na kitu kigumu. Nikakipapasa tena.

"Umepata nini, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba bandama yake imekuwa kubwa mno. Mimi na shangazi tukampeleka hospitali Bunda. Kilikuwa kichocho cha miaka mingi, kile cha maji ya ziwa kinachovimbisha bandama. Akaanzishiwa dawa. Tulipokuwa tunatoka akanishika mkono, akaniambia, "Rudi chuo." Nikalia mbele ya watu.

Nikarudi. Nikaenda kwa wale wa diskasheni, nikawaomba wanipokee. Wakanisogezea kiti tu. Tukagawana masomo kwa uzito wake, yale makubwa kwanza, tukapimana matumbo, tukaulizana kama watahini. Marudio nikafaulu, na yaliyofuata pia. Siku ya mahafali wawili wa kikundi chetu walisomwa kwa heshima. Baba akanigeukia.

"Wewe mbona hawajakusoma?"

"Nilirudia mtihani, baba."

Akauliza, "Lakini mgonjwa utampima?"

"Nitampima."

"Haya," akasema, na akanipigia makofi peke yake.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wenzangu wa kikundi, baba na mama, shangazi, na akina mama wote waliolala juani ili mimi nisome. Vijana, heshima itafuteni, ni kitu kizuri. Kanuni zisomeni siku ya kwanza, mjue kipi kina uzito. Lakini msisome peke yenu.

Yule mama wa Kiriba hatunaye. Alitapika damu, tukamzika. Ini lilikuwa limeshaharibiwa na kichocho kabla sijamgusa. Miaka yote ile nilikuwa nakuja likizo, tunalima pamoja, ananiita daktari, na mimi nashindana na watu ambao hawakuwa wanashindana na mimi. Ningekuwa nimejifunza tumbo na wenzangu mapema, labda ningemgusa mapema. Huko kwenu sasa hivi yupo mtu anayewaita madaktari, na hajui kama anaumwa. Kasomeni kwa ajili yake. Asanteni.