Mama Samaki na Kikombe Kilichokaa Kikavu Siku Kumi na Tisa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mtunza tangi la samaki la ukumbi wetu wa mapokezi atavua buti zake za mpira na kustaafu, baada ya kuitumikia taasisi hii miaka ishirini na tisa. Kwenye faili ana jina refu na cheo kirefu zaidi. Sisi sote, kuanzia Mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mama Samaki, na kwa sababu hiyo hakuna mwaka unaopita bila mgeni mmoja kuelekezwa kwake akiulizia bei ya kilo.

Aliajiriwa kufanya usafi. Tangi lilipoletwa, lita elfu mbili za maji ya chumvi nyuma ya kioo kinene, aliambiwa alifute vumbi. Akafuta. Kisha akauliza ni nani atakayewalisha samaki, na kwa kuwa katika ofisi yetu anayeuliza swali ndiye anayekabidhiwa kazi, akakabidhiwa siku hiyo hiyo.

Kazi aliijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea kidogo kidogo. Jumatatu hupima chumvi, Alhamisi hubadilisha maji ndoo kwa ndoo, na kabla ya kutia mkono tangini hunawa hadi kwenye kiwiko, bila sabuni wala losheni. Aliwahi kumrudisha bafuni mgeni wa heshima aliyetaka kuwagusa samaki, akanawe mafuta aliyojipaka. Mgeni alinawa. Mkurugenzi wa wakati ule alikosa raha wiki nzima.

Samaki wake anawajua kwa tabia zao. Yule wa manjano, mwenye miaka kumi na saba tangini, anaitwa Meneja, maana hutoka pangoni saa za chakula tu. Mdogo anayemfuata kila aendako anaitwa Naibu. Naibu Mkurugenzi wetu anaamini alipewa heshima, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumtoa kwenye imani hiyo.

Sasa tufike kwenye habari ya skima, ambayo wengine wangependa iachwe nje ya ukurasa huu.

Skima ni mashine inayopuliza vipovu vidogo vidogo ndani ya maji ya tangi. Uchafu wa samaki hunata kwenye povu, povu hupanda juu, na kikombe kilichokaa kileleni hukusanya uchafu ule kabla haujawa sumu. Ya zamani ilikata roho miezi minne iliyopita, ikanunuliwa mpya. Mama Samaki alieleza kikaoni kwamba skima mpya ni kama kiatu kipya: haikuzoei siku ya kwanza. Hutoka kiwandani na mafuta mafuta yanayozuia povu, kwa hiyo huoshwa kwa siki, huwashwa, kisha huachwa hata wiki mbili bila kuguswa, mpaka utando mwembamba ujijenge ndani yake. Itasusa siku kadhaa, itafurika siku nyingine, halafu itatulia yenyewe. Kumbukumbu za kikao kile ziliyahifadhi maelezo yake kwa maneno matatu: "Mjumbe alitoa shukrani."

Ukaandaliwa uzinduzi, na utepe na mpiga picha. Mama Samaki alikuwa ameshaiosha mashine kwa siki jana yake. Lakini asubuhi ya shughuli, yeye akiwa stoo anakoroga maji ya chumvi, Mkuu wa Ugavi aliitazama mashine akaiona imefifia. Akaagiza ing'arishwe, nje na ndani, kwa mafuta yale yale yenye harufu ya limau yanayopakwa meza ya mapokezi. Ikang'aa vizuri sana. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, na kikombe kikabaki kikavu.

Siku ya tatu ikaundwa Kamati ya Ufuatiliaji wa Povu, wajumbe saba, hakuna hata mmoja aliyewahi kulowesha kidole tangini. Walikutana kila asubuhi kwa chai na vitafunio. Walichora grafu yenye mstari ulionyooka chini kabisa, kwenye sifuri, wakaibandika ukutani kwa rangi mbili. Naibu Mkurugenzi alikuwa akipita saa mbili na kuizungusha kulia koki ya skima, ile ya kupandisha na kushusha povu, akirudi baada ya chakula cha mchana anaizungusha kushoto. Huo aliuita usimamizi wa karibu.

Maji yakaanza kugeuka rangi ya chai. Meneja, yule wa manjano, akasusa chakula. Mama Samaki, mwenye magoti yanayolia akipanda ngazi, akaanza kubeba ndoo ishirini kwa siku ili samaki wasife wakati Kamati ikitafakari.

Siku ya kumi akapewa barua ya onyo la mwisho kwa uzembe. Kikombe kisipopata kitu ndani ya siku kumi, tangi litamwagwa, samaki watagawanywa, naye ataondoka kazini mara moja, bila kuagwa. Miaka ishirini na tisa ilikuwa inaning'inia kwenye kikombe cha plastiki. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kantini kuomba chupa nne za siki. Aliifungua mashine yote, akaisugua mara mbili kwa siki na maji ya moto, akairudisha. Kisha akaing'oa koki, akaitia kwenye pochi yake, akaweka kiti mbele ya tangi na kukaa. Naibu Mkurugenzi alipokuja saa mbili na kuuliza koki iko wapi, alijibiwa kwa upole, "Imepumzika, baba. Nawe pumzika."

Siku ya kumi na tisa, kabla ya chai, povu lilipanda. Lilikuwa la kahawia, zito, na likajaza nusu ya kikombe uchafu unaonuka kuliko soksi za timu nzima. Wafanyakazi walishangilia. Naibu Mkurugenzi aliinama kunusa, akaenda kupunga upepo hadi saa sita. Jioni Meneja alitoka pangoni akala.

Kamati ilipewa vyeti kwa ufuatiliaji makini. Mkurugenzi alitoa waraka akitaka mashine iendelee kufanya kazi, ila iache kunuka. Barua ya onyo haikufutwa. Ipo kwenye faili lake hadi leo, ndicho kitu cha mwisho kuandikwa humo.

Mwandishi wa wasifu huu ni karani wa mapokezi, na meza inayonukia limau ni yangu. Mkuu wa Ugavi alitoa amri, lakini kitambaa kilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa pia katibu wa Kamati, na barua ile niliichapa mwenyewe nikampelekea mwenyewe. Siku tisa nilimtazama mama wa watu akibeba ndoo mbele ya meza yangu, nikanyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi. Naona aibu kuyaandika haya.

Wiki iliyopita nilimfuata stoo nikamwambia. Hakuacha kukunja mipira ya maji. "Mwanangu, nilipoifungua ile mashine ilinukia meza yako. Nilijua siku ile ile." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne. Wewe una watoto wawili na miaka ishirini mbele. Mmoja wetu alikuwa anaweza kuvumilia barua."

Kwa hiyo, Mama, kwa niaba ya wote waliosimama mbele ya kioo chako wakisubiri kuitwa ofisini na woga ukawapungua kidogo, asante. Uende ukapumzishe magoti, na siku zako ziwe tulivu, bila vikao. Nimeomba maneno haya yasomwe mbele ya Bodi kabla ya keki kukatwa, na barua ile itolewe kwenye faili lako ukiwa umeketi pale mbele unaona. Masijala wamenijibu kwamba faili haliruhusiwi kupungua karatasi. Nimewapelekea nyingine ya kujaza nafasi yake, yenye maelezo haya haya na sahihi yangu.