Pamba Ndani ya Chupa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi ambao majirani walikuwa wameshaanza kuulizana tutazikwa wapi.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Baba alitangulia, na mama akamfuata miaka ile ya tisini nikiwa darasa la sita. Niliacha shule nikaja mtaa wa Noonkopir, Kitengela, na wadogo wangu wawili, Mwende na Kioko. Nilifua nguo za watu. Kufua kulipokosekana niliingia baa, na mnajua mwanamke wa baa hauzi soda peke yake. Mwende alipokua, akanifuata huko huko.

Ugonjwa ulitupata sote wawili. Dawa za bure zilipofika Kajiado, tulienda. Kwenye foleni mama mmoja alivuta leso yake akasema, "Hawa wa baa wakae kando." Tukakaa kando. Tulihudumiwa watu wote wakishaenda.

Lakini zile tembe hulia ndani ya chupa kama kayamba. Mwende alikuwa akilala chumba kimoja na wahudumu wenzake. Siku moja mkoba wake ulianguka, chupa ikalia. Wakacheka: "Mwende, siku hizi unacheza kayamba?" Asubuhi aliitupa chooni. Hakurudi Kajiado tena. Tulimzika kabla ya mvua.

Nami nikaacha dawa. Nililala hoi nikimtazama Kioko akikoroga uji, nikamuuliza Mungu: huyu atabaki na nani?

Ndipo Mama Naserian akabisha. Ni mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuza maziwa ploti zote za wapangaji, na hakuna aliyeshangaa akiingia nyumba yoyote.

"Leo hatuchukui maziwa, mama," nilisema.

"Ng'ombe wangu siku hizi anatoa na dawa. Fungua, mtoto wangu."

Alitoa chupa chini ya shuka, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya! Alikuwa ameishindilia pamba juu ya tembe.

"Hata mimi nameza," akasema. "Kliniki inatutuma sisi tunaomeza, tuwapelekee wale wanaofukuzwa na macho ya watu."

Akanimiminia maziwa kutoka kibuyuni, akasimama mlangoni mpaka nikameza.

Kesho yake alikuja. Alikuja hata udongo mweusi wa Kitengela ukimshika miguu, mpaka nikaweza kusimama mwenyewe. Kioko alimaliza shule. Yule pale, amekaa nyuma.

Ndugu zangu, nilimwomba Mungu moto kutoka mbinguni, akanitumia mama na kibuyu. Kwa nini Mwende hakumpata mama huyo? Huwa namuuliza Mungu, na bado sijajibiwa. Lakini namshukuru, na dawa bado nameza.

Kama uko hapa na umeficha chupa yako, mtegemee Mungu, usiitupe. Yeye haoni aibu kukujua.

Leo asubuhi nilitoa pamba. Chupa ni hii. Sikieni inavyolia! Anayetaka kucheka, acheke. Mimi niko hai.